Kivuli cha Ndege katika Historia ya Picha za Angani

Tangu Mfaransa Nadar alipopanda puto na kamera yake karibu na Paris mwaka 1858, usomaji wa picha za angani, yaani picha zinazopigwa kutoka juu kuelekea ardhini, umetegemea sana kivuli, kwa kuwa kamera inayotazama chini huona mapaa na vilele tu, na kimo cha kitu hujulikana kwa urefu wa kivuli chake pamoja na mahali, saa na tarehe ya kupigwa kwa picha. Nchini Uingereza, O. G. S. Crawford na Alexander Keiller waliruka mwaka 1924 kuchunguza mabaki ya kale, ambayo matuta yake yaliyokaribia kusawazika huonekana vizuri jua linapokuwa chini na vivuli kurefuka.

Katika Vita Kuu ya Pili, elimu hiyo ilikuzwa Medmenham, kituo cha wafasiri wa picha za kijeshi, ambako Constance Babington Smith aliongoza kitengo cha ndege na mwaka 1943 akatambua bomu la kuruka la V-1 katika picha za Peenemünde. Ndege iliyoegeshwa hutupa kivuli kikali kando yake, kinachomfunulia mfasiri umbo la mkia ambalo kutoka juu halionekani.

Ndege iliyo angani hufuata kanuni hiyohiyo ya mwanga, lakini matokeo yake ni tofauti. Jua likitazamwa kutoka duniani lina upana wa takribani nusu digrii, hivyo kivuli kamili, yaani eneo ambamo jua lote limezibwa, huzidi kuwa chembamba kadiri umbali unavyoongezeka, na hukoma kwenye umbali wa takribani mara 108 ya upana wa kitu kinachokitupa. Kiwiliwili cha ndege chenye upana wa mita 4 hupoteza kivuli kamili kabla ya mita 500. Ndege ikiwa mita 10,000 juu, kinachofika ardhini ni kivuli hafifu, ambamo sehemu ndogo tu ya jua imezibwa, kilichosambaa hata kisitofautike na rangi ya mashamba na misitu.

Zaidi ya hayo, jua likiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, kivuli hicho huangukia kilomita 17 hivi kutoka mahali palipo chini ya ndege, na huenda kikawa nje ya picha, au mahali kinapoangukia pakawa katika kipande kilichopigwa siku nyingine, kwa sababu ramani za setilaiti huunganishwa kutokana na picha nyingi. Kwa hiyo, kukosekana kwa kivuli pekee si ushahidi kwamba picha imeghushiwa: mfasiri makini hukuchukulia kuwa dalili ya kwanza kwamba ndege ilikuwa safarini, juu sana, naye huipima dalili hiyo kwa pembe ya jua kabla ya kutoa hukumu.