Ngaitana: Wasichana wa Meru na Amri ya 1956

Mwezi wa Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na wakuu wa serikali ya kikoloni waliiunga mkono amri hiyo. Lakini baraza lilikuwa la wanaume. Wanawake, ambao kwa desturi ndio waliosimamia tohara ya mabinti, hawakuwamo.

Wasichana wengi waliingia vichakani, wakajitahiri wenyewe au wakatahiriana kwa nyembe, bila ngariba wala sherehe. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Kati ya 1956 na 1959, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa mahakamani kwa kuivunja amri.

Kwa nini walikubali maumivu hayo? Siku zile tohara ndiyo iliyomtoa msichana utotoni na kumpa heshima ya mwanamke. Asiyetahiriwa alidharauliwa na wenzake. Hivyo waliitetea hadhi yao kwa desturi iliyowadhuru.

Sheria ya Kenya ya 2011 imekataza ukeketaji, na ni haki, maana huumiza mwili na huweza kuua. Hata hivyo, habari ya Ngaitana yatufundisha kwamba amri peke yake haing'oi desturi. Mwili ni wa msichana. Basi katika shauri la mwili huo, sauti yake na isikike kwanza.