Mchezo Wenye Faida

Wapo wanaodhani kwamba mchezo hauna nafasi darasani. Historia yawasuta. Mwaka 1932, mjini Leningrad, Mary Birshtein aliwafunza wasimamizi wa viwanda kwa mchezo wa kuendesha kiwanda. Mwaka 1957 mameneja wa Marekani nao wakaanza kucheza. Baadaye Shirika la Kazi Duniani likatunga mchezo kama huo kwa wafanyabiashara wadogo: wanagenzi hununua, huuza na hupata hasara, ila fedha ni za mchezo tu.

Somo hilo lawafaa hasa wakimbizi wa Nakivale, makazi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 yawaruhusu kufanya kazi. Lakini mwenye mtaji wa gunia moja la mahindi akikosea bei sokoni Mbarara, hana gunia la pili. Heri hasara hiyo aipate darasani.