Detroit: gari jeusi lililobaki na rangi yake ya mwaka 1970

Kwa miaka mingi, fundi wa Marekani aliyepata gari la zamani lenye sifa alilifungua lote, akakwangua rangi yake, akabadili viti, akalipaka upya mpaka ling'ae kuliko siku lilipotoka kiwandani. Leo wapenzi wengi wa magari hayo wanamtazama fundi wa namna hiyo kama mtu aliyechoma karatasi za ukoo. Wanachotafuta sasa ni gari ambalo halijaguswa: rangi iliyopauka, kiti kilichochanika, kutu kidogo chini ya mlango. Na wanalilipia zaidi. Jambo hilo linaweza kuonekana la kichaa kwa mtu anayejua kazi ya garaji. Lakini ukilifuata hadi mji wa Detroit, kwenye gari moja jeusi ambalo watu wa huko waliliita Black Ghost, yaani Mzimu Mweusi, linaanza kueleweka.

Magari yenyewe yalianza na ujanja wa ofisini. Kampuni ya General Motors ilikuwa na amri ya ndani kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayopita lita 5.4. Kwa magari ya modeli ya mwaka 1964, John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac, ambayo ilikuwa tawi la kampuni hiyo, walitaka kuweka injini ya lita 6.4 ndani ya gari la kawaida liitwalo Tempest. Hawakulitangaza kama gari jipya. Waliiandika injini hiyo katika orodha ya vifaa vya nyongeza, pale ambapo mnunuzi huchagua redio au aina ya viti, wakaipa jina GTO na bei isiyofika dola 300. Wakubwa walikubali yatoke magari 5,000 tu. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 32,000.

Baada ya hapo kila kiwanda kilitaka la kwake: Chevelle SS, Road Runner, Charger, Mustang yenye injini kubwa. Wamarekani waliyaita magari ya misuli. Siri haikuwa kubwa: chukua gari ambalo familia inaendea sokoni na kanisani, liwekee injini kubwa kuliko inavyohitajika, uliuze kwa bei ambayo kijana anayefanya kazi kiwandani anaweza kuilipa kidogo kidogo kila mwezi. Breki mara nyingi zilikuwa dhaifu kuliko injini, jambo ambalo wazee wanaosimulia ujana wao hupenda kulisahau.

Detroit ndiko viwanda vilikokuwa, na ndiko magari hayo yalikojaribiwa usiku. Avenyu ya Woodward inatoka katikati ya mji kuelekea kaskazini, pana na imenyooka, yenye taa nyingi za njiani. Jumamosi usiku vijana walikuwa wakipita hapo polepole, wakitazamana, na taa nyekundu ilipogeuka kijani magari mawili yalichomoka pamoja hadi taa inayofuata. Wahandisi wa viwanda nao walikuja na magari waliyotoka kuyaunda, wakajifanya vijana wa kawaida, ili waone yanavyofanya kazi. Tangu 1995 hufanyika kwenye barabara hiyo, kila Agosti, matembezi makubwa ya magari ya zamani.

Lakini miaka ile Detroit haikuwa mji wa mchezo tu. Julai 1967 machafuko yalilipuka baada ya polisi kuvamia baa moja ya usiku katika mtaa wa Waafrika-Wamarekani. Watu 43 walikufa ndani ya siku chache, na jeshi liliingia mjini. Mwaka uliofuata, wafanyakazi weusi wa Dodge Main, kiwanda kikubwa kilichokuwa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, waligoma bila ruhusa ya sendika na kuunda chama chao cha kutetea haki. Polisi wa Detroit wakati huo walikuwa wengi wao wazungu, na raia weusi waliwaogopa.

Godfrey Qualls alikuwa mweusi, askari wa zamani wa miavuli, na alikuwa polisi wa Detroit. Aliagiza gari la Dodge Challenger R/T SE la mwaka 1970, jeusi, lenye mstari mweupe nyuma na paa lililofunikwa plastiki yenye mabaka kama ngozi ya mamba. Injini ilikuwa ile iliyoitwa Hemi, ya lita 7, ambayo kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 425, na gia nne za mkono. Si watu wengi waliolipia Hemi, kwa kuwa ilikuwa ghali na ilikunywa esansi bila huruma.

Qualls alikuja Woodward usiku, akashinda, akaondoka. Hakushuka kujisifu, hakusema jina lake. Kisha zinapita wiki au miezi gari halionekani, mpaka usiku mwingine linatokea tena kwenye taa. Asubuhi mwenyewe alikuwa kazini amevaa sare ya polisi, na hiyo inatosha kueleza kwa nini alinyamaza. Walioshindwa ndio waliolipa gari lile jina la mzimu. Katikati ya miaka ya 1970 halikuonekana tena. Lilikuwa limeingia garaji nyumbani kwake, na humo lilikaa miaka mingi.

Nje ya garaji ile mambo yalikuwa yanabadilika haraka. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilivilazimisha viwanda kupunguza moshi. Kampuni za bima zilianza kuwadai vijana pesa nyingi kwa magari hayo. Hemi ya barabarani ilitengenezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1971. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta, foleni za esansi zikajaa mitaani, na gari linalokunywa namna ile likawa mzigo kwa mwenyewe. Mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa, mengine yaligongwa, mengine yaliozea mashambani.

Kisha viwanda vyenyewe vikaanza kufungwa. Dodge Main, ambako Challenger nyingi ziliunganishwa, ilifunga milango Januari 1980. General Motors ilitaka eneo hilo, pamoja na makazi yaliyokuwa jirani, ili ijenge kiwanda kipya. Makazi hayo yaliitwa Poletown, kartie ya wahamiaji wa Poland na majirani zao weusi. Serikali ya mji ilitumia uwezo wake wa kisheria kuwatoa watu kwenye parsele zao kwa fidia. Wengine walikubali. Wengine walikwenda mahakamani, na mwaka 1981 Mahakama Kuu ya jimbo la Michigan iliamua kwamba mji una haki, kwa sababu ajira ni faida ya watu wote. Zaidi ya watu 4,000 walihama. Kanisa la Immaculate Conception, ambalo waumini walilikalia ndani ili lisivunjwe, lilibomolewa Julai mwaka huohuo. Mwaka 2004 mahakama ileile ilisema uamuzi wake wa 1981 haukuwa sahihi, lakini wakati huo hapakuwa na nyumba ya kumrudishia mtu yeyote.

Kwa hiyo anayeuliza leo kiwanda kilichounda magari yale kiko wapi, anaonyeshwa kiwanda kingine. Akiuliza mitaa ambayo wafanyakazi walikaa, ataonyeshwa ukuta na maegesho. Detroit ilikuwa na watu milioni 1.5 mwaka 1970. Sensa ya 2020 ilihesabu 639,111. Familia iliyokimbia na kurudi ikakuta hata miti ya mpaka wa kiwanja imekatwa inajua shida hiyo: ushahidi kwamba ulikuwa hapo unabaki kwenye vitu vidogo ulivyobeba, kitambulisho kilichokunjika, ufunguo wa mlango ambao haupo. Na hakuna anayefikiria kuupaka rangi ufunguo huo.

Hapo ndipo gari lisilofanywa upya linapopata kazi yake. Chukua karatasi moja tu. Kiwandani Chrysler, wenye magari ya Dodge na Plymouth, kila gari lilifuatwa na karatasi yenye namba na alama za kila kitu kitakachowekwa: injini gani, rangi gani, kiti gani. Kazi ikiisha karatasi ilipaswa kutupwa, lakini wafanyakazi wengi waliiacha palepale, imenaswa kwenye springi za kiti au juu ya tangi la mafuta. Miaka 40 baadaye karatasi hiyo imekuwa hati ya kuzaliwa, maana kumbukumbu nyingi za kampuni za miaka ile hazikuhifadhiwa. Fundi anayeng'oa kiti cha zamani na kukitupa jalalani anaitupa na yenyewe. Tena chini ya gari kuna alama za chaki na rangi ambazo mkaguzi alichora kwa mkono kuonyesha kwamba ameikaza nati fulani. Kuna mahali rangi ilimwagika kwa sababu aliyekuwa anapuliza alikuwa na haraka. Hilo ni kosa la kazi, ndiyo, lakini ni kosa la mtu fulani siku fulani, na msasa ukishapita halirudi.

Miaka ya 1980 na 1990, bei za magari hayo zilipopanda, msasa ulipita sana. Watu walitaka rangi inayong'aa kuliko ya kiwandani. Wajanja nao waliingia: gari lenye injini ndogo likawekewa kubwa, vibao vya bandia vikabandikwa, likauzwa kama la asili. Kadiri magari mapya-ya-zamani yalivyoongezeka, ndivyo wanunuzi walivyoshindwa kujua lipi ni la kweli. Wenye mashindano ya Corvette huko Bloomington, Illinois, walikuwa kati ya wa mwanzo kutoa heshima maalumu kwa gari ambalo halijafanywa upya. Wengine walifuata polepole.

Mfano unaojulikana zaidi ni Mustang ya kijani ambayo Steve McQueen aliiendesha katika filamu ya Bullitt, iliyotoka mwaka 1968. Magari yalikuwa mawili: moja la kuruka vilima vya San Francisco, jingine la picha za karibu. Hilo la pili lilinunuliwa mwaka 1974 na familia ya Kiernan ya New Jersey kwa dola 6,000, kupitia tangazo la jarida. Mama wa familia alikuwa mwalimu na alilitumia kwenda shuleni. McQueen mwenyewe aliwaandikia mwaka 1977 akiomba kulinunua tena, hawakumpa. Klachi ilipokufa mwaka 1980 waliliegesha, na watu wengi wakaamini limepotea. Lilipotolewa hadharani Detroit Januari 2018, ushahidi ulikuwa kwenye bodi yenyewe: matundu na vyuma vilivyochomelewa chini yake kushikilia kamera za filamu. Fundi mwema angeyaziba matundu hayo siku ya kwanza. Januari 2020 liliuzwa Florida kwa dola milioni 3.74, malipo ya mnada yakiwemo, likiwa na kutu na mikunjo yake.

Isidhaniwe kwamba kila chuma kilichooza ni hazina. Gari lililotoboka sakafu na ambalo halina hati wala hadithi linahitaji fundi, na si dhambi kulitengeneza. Hata wanaohifadhi hawaachi kila kitu kama kilivyo: esansi iliyogeuka gundi inamwagwa, mipira ya breki inabadilishwa, matairi ya zamani yanavuliwa kwa sababu yanaweza kupasuka. Kinachotolewa huandikwa na kuwekwa kwenye sanduku, hakitupwi. Shida ngumu ni kujua pa kuishia, na wenyewe hawakubaliani.

Qualls alipougua alimkabidhi mwanawe, Gregory, hati za gari, na akafariki Desemba 2015. Mwana aliifanya injini iwake tena, rangi hakuigusa. Mwaka 2020 Black Ghost liliingizwa katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria, ile ambayo Mustang ya Bullitt imo pia. Gari likiingia humo hupimwa na kupigwa picha kila upande, na majalada yake huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge huko Washington.

Mei 2023 gari hilo liliuzwa mnadani Indianapolis kwa zaidi ya dola milioni moja. Kati ya wapenzi wa magari wapo waliosikitika kuona limetoka katika familia, na wapo waliosema mwana hawezi kulala na utajiri huo chini ya paa lake bila kuwaza wezi na moto. Mwaka huohuo kampuni ya Dodge ilitengeneza Challenger mpya 300 za kuiga lile la Qualls, nyeusi, zenye paa la mabaka ya mamba na mstari mweupe nyuma, kila moja ikiwa safi bila mkwaruzo hata mmoja. La zamani lilikwenda kwa mwenyewe mpya na rangi ileile lililopakwa kiwandani, mikwaruzo ya Woodward ikiwa bado juu yake.