Uzito

Septemba 2018, Ebola ikienea Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watafiti walihoji watu wazima 961 ana kwa ana. Robo hivi hawakuamini kwamba ugonjwa upo.

Uchunguzi wa simu ungewakosa wasio na simu, na hapo ndipo wanatakwimu hutumia neno uzito. Kwa mfano, wanawake wakiwa nusu ya watu wazima lakini robo tu ya waliojibu, jibu la kila mwanamke huhesabiwa mara mbili. Lakini mwenye simu, mfanyabiashara wa Butembo, atamsemeaje mkulima aliyekimbia shamba lake huko Beni?

Tena uzito hupangwa kwa idadi ya watu inayojulikana. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984. Tangu hapo vita vimehamisha vijiji vizima.