Sifa za Mapacha, Vifo vya Mapacha

Msukuma akikwambia anaitwa Doto, umeshajua kuwa Kulwa alimtangulia. Buganda, mama wa mapacha huitwa Nnalongo na baba Ssalongo, na heshima hiyo hawavuliwi hadi uzeeni. Kwa Waluo ni Opiyo na Odongo. Anayezaliwa baada yao, Okello. Ukisikiliza majina tu, utadhani wazee wetu walijua kushangilia mapacha na basi.

Wayoruba wa Nigeria, wanaozaa mapacha kuliko karibu watu wote duniani, wanatuonyesha upande wa pili. Kwao Taiwo hutoka kwanza, lakini mkubwa ni Kehinde, aliyemtuma mwenziwe akaionje dunia. Kwa desturi yao, mmoja akifa, mganga wa ramli ya Ifa huulizwa, kisha mchongaji huchonga sanamu ndogo, ere ibeji, yenye umbo la mtu mzima ingawa aliyekufa ni mchanga. Mama huiogesha, huivisha, huilisha, maana marehemu akipuuzwa huweza kumvuta aliyebaki. Leo sanamu hizo zimejaa makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu husifu ufundi wake. Mimi naziona kama daftari la vifo.

Upande wa Calabar, Nigeria hiyohiyo, mapacha walitupwa porini. Mary Slessor, mmisionari wa Scotland, aliwaokoa wengi mwishoni mwa karne ya 19. Mananjary, Madagaska, kuwalea kulikuwa mwiko. Ni rahisi kuwasifu Wayoruba na kuwalaani hawa wengine. Ukatili ni ukatili, lakini nadhani heshima na hofu zilianza na jambo moja lililoonwa na wote: watoto hawa hawakai.

Hata sasa. Mwaka 2017 watafiti Christiaan Monden na Jeroen Smits walichapisha uchambuzi wa nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara. Kati ya 1995 na 2001, katika kila mapacha 1,000 waliozaliwa hai, takriban 328 walikufa kabla ya miaka 5. Kufikia 2009–2014 walikuwa 213. Waliozaliwa peke yao walishuka kutoka takriban 129 hadi chini ya 65. Wote wamepata nafuu, ila pacha aliyekuwa na hatari mara mbili na nusu sasa anayo zaidi ya mara tatu.

Chanjo na vyandarua vimewafaa wote, lakini pacha huandamwa zaidi siku za mwanzo: huzaliwa njiti, huwa na uzito mdogo, na wa pili mara nyingi hulala vibaya tumboni. Chandarua hakimsaidii njiti kupumua. Kinachomsaidia ni sindano ya kukomaza mapafu anayochomwa mama kabla ya kujifungua, chumba cha upasuaji kilicho tayari, na kifua cha mama anapolazwa ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwaka 1978.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe ultrasaundi kabla ya wiki 24. Mama, kidai kipimo hicho mapema. Ukiambiwa ni wawili, kajifungulie hospitali yenye upasuaji, hata kama mkunga wa jirani amezalisha ukoo mzima.