Uchunguzi na Utafiti: Historia ya Istilahi Mbili

Mkulima wa Mungaa, mkoani Singida, akiambiwa kwamba wataalamu wamekuja kufanya uchunguzi, ana haki ya kuuliza: je, wamekuja kumpima ili atibiwe, au kukusanya elimu? Swali hilo lahusu istilahi kama linavyohusu tiba.

Kwa muda mrefu maneno hayo mawili yalikwenda sambamba. Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, lilijulikana kwa jina fupi la UTAFITI, hata sheria ya 1986 ilipoanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia mahali pake. Lakini mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1979 ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hivyo sayansi na tiba zilichukua utafiti, na lugha ikabaki na uchunguzi hadi 2009, TUKI ilipoingizwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Twaona kwamba utafiti lafaa kwa fani zote. Apimaye udongo, ajaribuye dawa na akusanyaye ngoma na hadithi za Wanyaturu hutofautiana kwa mbinu, lakini wote hutafuta elimu mpya kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa. Uchunguzi na ubaki kwa daktari ampimaye mgonjwa kwa faida ya mgonjwa huyo. Mfasiri wa fomu ya ridhaa akiyachanganya maneno hayo, mkulima atatia sahihi jambo asilolijua.