Buddy Bolden hakuwa kinyozi

Wapenzi wa jazi wanaendelea kusimuliana kwamba Buddy Bolden, mpiga tarumbeta wa New Orleans, Marekani, alikuwa na duka la kunyoa nywele na gazeti la umbeya, na kwamba akipuliza alisikika maili nyingi. Hilo la maili siligombii. Kila mji una mpulizaji wake wa namna hiyo. Lakini duka na gazeti, yaliyoenezwa na kitabu Jazzmen cha 1939, ni uzushi. Mtafiti Donald Marquis alipekua kumbukumbu za mji, na mwaka 1978 akatueleza: Bolden, aliyezaliwa 1877, alikuwa fundi wa kupiga lipu kabla ya kuishi kwa muziki.

Ninachosikitikia mimi ni kile ambacho kinyozi huyu wa kubuni amekifunika. Juni 1907, akiwa na miaka 29, Bolden alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Jackson, Louisiana. Santuri za kwanza za jazi zilipotoka 1917, alikuwa humo humo. Alifariki Novemba 1931. Hakuna santuri yake hata moja iliyopatikana. Alizikwa makaburi ya Holt, New Orleans, na kaburi lenyewe halijulikani ni lipi.